Kuinama Tena: Mwongozo kwa Mwenye Maumivu ya Mgongo Anayeogopa Kujitonesha

Mtazame mtu mwenye maumivu ya mgongo anapookota kijiko kilichoanguka sakafuni. Kwanza anatafuta kitu cha kushika: ukingo wa meza, mgongo wa kiti, bega la mtoto. Anavuta pumzi na kuibana. Anaukaza mgongo wima, anakunja magoti polepole, mkono mmoja uko kiunoni, na uso umeshajikunja kabla maumivu hayajafika. Kijiko chenyewe hakina uzito wa kutaja. Kinachomlemea pale ni hofu ya kujitonesha, hofu ya pingili kuachia, hofu ya kurudi kitandani wiki nzima kama ile mara ya mwisho.

Hofu ya kuinama haiondoki kwa maneno ya kutiwa moyo. Haiondoki pia kwa kutembea asubuhi peke yake. Inaondoka mtu anapoinama, kidogo kidogo na kwa mpango, akaona mwenyewe kwamba alichokitarajia hakikutokea. Naliweka hili mbele kwa sababu watu wengi huambiwa "fanya mazoezi", wakaanza kutembea, wakaongeza hata kilomita, na bado wanaokota kijiko kwa kushika meza. Miguu imepata nguvu, hofu haijaguswa.

Mwongozo huu ni wa mtu mzima mwenye maumivu ya mgongo wa chini, kiunoni, yaliyokaa wiki sita na zaidi au yanayokwenda na kurudi, ambaye amepimwa na kuambiwa hana ugonjwa wa hatari. Kama hujapimwa, anza na sehemu inayofuata, usiiruke.

Kabla ya yote: je, mgongo wako unahitaji daktari?

Nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku, ukipata ganzi sehemu za siri au kuzunguka njia ya haja kubwa, pale panapogusa tandiko mtu akipanda baiskeli. Vivyo hivyo mkojo ukigoma kutoka au ukitoka bila wewe kujua, haja kubwa ikikuponyoka, au miguu ikianza kulegea. Hizo ni dalili kwamba mishipa ya fahamu ya mwisho wa uti wa mgongo imebanwa, na kuchelewa kunaweza kumwachia mtu ulemavu wa kudumu.

Usikae nyumbani kujitibu kama maumivu yalianza baada ya kuanguka mnazini au ajali ya pikipiki, kama umewahi kuugua saratani, kama umetumia dawa za steroidi (kama prednisoloni) kwa muda mrefu, au kama umri umekwenda na mifupa imeshaanza kuwa dhaifu.

Kwetu Afrika Mashariki kifua kikuu lazima kitajwe kwa jina. Vijidudu vyake hushambulia pia pingili za mgongo, na mara nyingine mgonjwa hana kikohozi chochote. Maumivu yanayozidi wiki hadi wiki, yasiyopungua hata ukilala, yakiandamana na homa za jioni, jasho la usiku, kupungua uzito au kinundu kinachochomoza mgongoni, yanataka kipimo haraka, hasa kwa anayeishi na VVU. Mfugaji, na yeyote anayekunywa maziwa mabichi, aulizie pia kipimo cha burusela, ugonjwa utokao kwa mifugo, maana nao hukaa mgongoni.

Wengi wakiumwa kiuno huwaza figo. Maumivu ya figo kwa kawaida huwa ubavuni chini ya mbavu, hayabadiliki sana ukiinama au ukinyooka, na mara nyingi huja na homa, kichefuchefu au mabadiliko ya mkojo. Kipimo cha mkojo ni rahisi kupatikana hata kwenye zahanati. Pima, upate jibu, uache kuwaza.

Ukishaambiwa hakuna la hatari, umeingia kwenye kundi la walio wengi. Takriban asilimia 90 ya wanaoumwa mgongo wa chini hawana ugonjwa mmoja mahususi unaoweza kuonyeshwa kwa kidole. Maumivu ni ya kweli kabisa, lakini hayatoki kwenye kitu kilichovunjika.

Hofu inavyougeuza mgongo kuwa mgumu

Mwaka 2000 wanasaikolojia Johan Vlaeyen na Steven Linton walieleza mzunguko ambao hadi leo ni msingi wa tiba hii. Mtu anapatwa na maumivu. Akiyachukulia kuwa maumivu tu, anapunguza kasi siku mbili tatu, anarudi kwenye shughuli, mambo yanakwisha. Akiyachukulia kuwa dalili ya kitu kuchanika ndani, anaanza kuyaogopa. Akiyaogopa anayachunga kila dakika, na akiyachunga anaacha kuinama, kubeba, kulima, kumnyanyua mjukuu. Misuli inadhoofu, moyo unakuwa mzito, na mishipa ya fahamu inazidi kuwa nyepesi kutoa taarifa ya maumivu kwa jambo dogo. Siku akiinama kwa kusahau, anaumia kweli, na hofu inapata ushahidi wake.

Maumivu hayo ya siku ya kusahau yana maelezo. Mtu asiyeumwa akiinama hadi mwisho, misuli mikubwa ya kando ya uti wa mgongo hunyamaza, na uzito wa kiwiliwili ukashikwa na kano na tishu nyingine. Vipimo vya umeme wa misuli vinaonyesha hivyo. Kwa wengi wenye maumivu sugu misuli hiyo hainyamazi. Imekaza anaposhuka, imekaza akiwa chini, imekaza akirudi juu. Kunja ngumi kwa nguvu zako zote kwa dakika chache uone mkono utakavyouma, ingawa hakuna kilichoharibika. Kuna watu wanaokunja ngumi ya namna hiyo kiunoni kuanzia alfajiri hadi wanapolala, kwa miaka.

Kulala nako hakusaidii kama tulivyofundishwa. Mwaka 1995 ulichapishwa utafiti kutoka Helsinki, Finland, uliowagawa wafanyakazi wa jiji waliopatwa na maumivu ya ghafla ya mgongo katika makundi matatu. Wa kwanza waliambiwa walale siku mbili, wa pili walipewa mazoezi ya mgongo, na wa tatu waliambiwa waendelee na shughuli zao za kawaida kadiri maumivu yanavyoruhusu. Hao wa tatu ndio waliopona upesi kuliko wenzao.

Hatua ya 1: Andika unachokiamini

Tafuta daftari dogo, litakaa nawe wiki nyingi. Ukurasa wa kwanza jibu maswali matatu kwa maneno yako mwenyewe, bila kuyapamba. Ni kitu gani kimeharibika mgongoni mwangu? Nani aliniambia? Nikiinama kitatokea nini hasa?

Wataalamu wana kipimo cha hofu ya kujongea kiitwacho Tampa, kilichotungwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1990, chenye kauli 17 ambazo mgonjwa hukubali au kukataa kwa alama 1 hadi 4. Jumla inaanzia 17 na kuishia 68, na inayozidi 37 huhesabiwa kuwa hofu kubwa. Ukimwona mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, anaweza kukupima nacho. Nyumbani maswali yale matatu yanatosha kabisa.

Majibu yanayoandikwa mara nyingi nayafahamu: "Pingili zimesagika." "Diski imechomoka." "Ute umekauka." "Nikibeba kitu nitapooza." Na nyuma ya jibu mara nyingi kuna karatasi ya majibu ya eksirei au MRI iliyotunzwa kwenye bahasha pamoja na vyeti vya shule, ikisomwa na kusomwa tena.

Hapa nakuomba usome taratibu. Mwaka 2015 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya picha za migongo ya watu zaidi ya 3,000 ambao hawakuwa na maumivu yoyote. Kati ya wenye umri wa miaka 20, asilimia 37 walionekana na diski, ile mito laini iliyo kati ya pingili, zilizochakaa. Kwa wenye miaka 80 ikawa asilimia 96. Diski zilizotuna zilionekana kwa asilimia 30 ya vijana hao, na asilimia 84 ya wazee. Wote hao walikuwa wakitembea, wakiinama na kulala bila shida. Kwa hiyo maneno mengi yanayotisha kwenye ile karatasi yanaeleza umri wa mgongo, namna mvi zinavyoeleza umri wa kichwa.

Diski nayo haiwezi kuchomoka ikatoka mahali pake. Imeshikamana na pingili ya juu na ya chini kwa nyuzi imara sana. Inachoweza kufanya ni kutuna, au kupasuka ukingo na kusukuma sehemu ya ndani nje, jambo linaloweza kuubana mshipa wa fahamu na kuleta maumivu yanayoteremka mguuni. Hata hiyo, mara nyingi mwili wenyewe huinyonya sehemu iliyotoka na kuipunguza ndani ya miezi, bila upasuaji.

Sikuombi uamini haya leo hii. Mtu aliyeogopa kwa miaka hawezi kuacha kwa sababu amesoma takwimu. Acha ulichoandika kibaki kama kilivyo, tutakijaribu.

Hatua ya 2: Orodhesha unavyoviogopa

Ukurasa wa pili andika vitendo kumi hadi kumi na tano ambavyo umeviacha, au unavifanya kwa wasiwasi. Viwe vya maisha yako mwenyewe. Kufagia uwanja kwa ufagio wa chelewa. Kufua kwenye beseni. Kukaa juu ya mbuzi kukuna nazi. Kukaa mkekani na kunyanyuka. Kuvaa soksi. Kupanda bodaboda kwenye barabara ya mashimo. Kuinua dumu la maji. Kumbeba mtoto mgongoni. Kusujudu. Tendo la ndoa: hili watu hawaliandiki, na mimi nasema liandike, kwa sababu hofu hii imeshaingia vyumbani mwa watu wengi na kuleta maneno ambayo si ya mgongo.

Mbele ya kila kitendo weka alama ya hofu, 0 hadi 100. Angalia vizuri: ni alama ya hofu, wala si ya maumivu. Kuna vitendo vinauma kidogo na vinatisha sana, na vingine vinauma sana lakini huviogopi. Tunaanza na vya kundi la kwanza. Kisha panga upya kutoka alama ndogo kwenda kubwa. Orodha hiyo ndiyo itakayokuongoza kuanzia sasa.

Hatua ya 3: Kivunje kitendo vipande

Ukiangalia orodha, chagua kimoja chenye alama 30 hadi 50 ambacho ukikipata tena maisha yako yatabadilika. Kisha kivunje mpaka kipande cha kwanza kiwe rahisi kiasi cha kukifanya sasa hivi.

Nachukua sijda, kwa sababu nimewaona wengi wakiswali kitini si kwa sababu hawawezi kushuka bali kwa sababu hawathubutu. Kuswali kwa kukaa ni ruhusa ya mwenye udhuru na siingilii jambo la mtu na Mola wake. Lakini wengi wao hunung'unika moyoni kwa kuikosa ile sijda, na hao ndio ninaowaandikia. Vipande vyake vinaweza kuwa hivi:

1. Umeketi kitini. Teremsha viganja kutoka mapajani hadi magotini, urudi.
2. Umeketi kitini bado. Teremsha viganja hadi chini ya magoti, kwenye miundi, kichwa kikining'inia.
3. Simama mbele ya meza, weka viganja juu yake, rudisha makalio nyuma mpaka mgongo ulale.
4. Rukuu kamili, mikono magotini, bila meza.
5. Kitandani, piga magoti na kuweka viganja chini. Kunja mgongo kwenda juu, uuachie kwenda chini, polepole.
6. Hapo hapo kitandani, kalia visigino na peleka paji la uso mbele mpaka liguse godoro.
7. Sijda mkekani, ukishuka na kunyanyuka kwa kushika kiti.
8. Sijda mkekani bila kushika kitu.
9. Rakaa mbili za sunna nyumbani, nje ya haraka. Baada ya hapo, faradhi pamoja na jamaa msikitini.

Kwa magoti ya kanisani, kwa mbuzi ya nazi, kwa kupandikiza mpunga, vipande ni vya namna hiyo hiyo: anza umeketi, kisha umesimama ukishikilia, kisha bila kushikilia, kisha chini, kisha mara nyingi, kisha mbele za watu. Hicho cha mwisho watu hukisahau. Mtu anaweza kufanya kila kitu chumbani akaganda msikitini, kwa kuogopa kukwama chini safu nzima ikimtazama. Kiandike kama kipande chake.

Hatua ya 4: Fanya jaribio, si zoezi

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo wengi wanapopotea. Ukifanya kipande cha kwanza kama zoezi la kawaida, utahesabu mara kumi na kufunga daftari. Ukikifanya kama jaribio, unataka kujua kama utabiri wako ulikuwa wa kweli.

Kabla ya kufanya, andika unatabiri nini, kwa maneno yanayoweza kuthibitishwa. "Nitaumia" haitoshi, maana kuumia kidogo kunaweza kutokea na hakuna ubaya. Tuseme wewe ni muuza maandazi na kitendo chako ni kufagia uwanja. Andika: "Nikifagia kuanzia mlangoni hadi kwenye mwembe, kiuno kitakaza, na kesho alfajiri sitaweza kukanda unga." Pembeni andika una uhakika kiasi gani, tuseme 80 kwa 100. Fagia. Halafu andika kilichotokea: maumivu yalikuwa 3 kwa 10 yakapanda hadi 5, jioni yakawa 4, asubuhi yamerudi 3, unga umekandwa. Mwisho jiulize: nikifagia tena kesho, nina uhakika kiasi gani kwamba sitaweza kukanda? Andika namba mpya, hata kama imeshuka kutoka 80 hadi 70 tu. Rudia siku nyingine, asubuhi badala ya jioni, kwa ufagio mwingine, uwanja ukiwa umelowa. Kubadilisha mazingira kunasaidia sana, la sivyo akili itasema uliponea kwa bahati.

Akili ina ujanja mwingine: inaipa sifa kinga. Kama umefagia ukiwa umefunga mkanda, umemeza dawa kabla ya kuanza, umebana pumzi na umemweka binti yako karibu akudake, utamaliza salama na akili itasema mkanda umeniokoa. Hofu haitapungua hata ukifagia mwezi mzima. Kwa hiyo andika kinga zako zote na uziache moja moja. Mkanda uwe wa kwanza. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya mgongo wa chini haupendekezi mikanda kama tiba ya kawaida, na wala hauwapi uzito kuvutwa mgongo au vile vifaa vya kupitisha umeme kwenye ngozi. Umependekeza elimu, mazoezi, tiba ya kisaikolojia, na hata kukandwa kama nyongeza. Kwa hiyo kama una mkandaji wako unayemwamini, endelea naye. Asiwe tu ndiye sababu ya wewe kuthubutu kuinama.

Kinga ngumu kuiacha ni kukaza misuli, kwa sababu mtu hajui kwamba anakaza. Nakupa njia. Simama, viganja mapajani. Toa pumzi kwa mdomo, na wakati inatoka acha kidevu kishuke, mabega yafuate, mgongo uviringike pingili moja baada ya nyingine, viganja vikiteleza mapajani vyenyewe. Legeza tumbo, liache lining'inie. Ukifika pale unapotaka kusimama, usisimame, wala usijilazimishe kuendelea: baki hapo, vuta pumzi mbili tatu, tikisa kichwa kama unasema hapana. Shingo ikitikisika kirahisi, misuli imeanza kuachia. Ikiwa imeganda, bado umejishikilia. Watu wengi hushangaa kwamba pumzi ya tatu inawateremsha wenyewe kidole kimoja zaidi.

Hatua ya 5: Kiasi

Maumivu wakati wa jaribio yakiwa hadi 5 kwa 10 ni sawa, mradi ndani ya saa 24 yamerudi yalipokuwa. Yakikaa zaidi ya hapo, kipande kilikuwa kikubwa. Kigawe, usikiache.

Panga kwa hesabu, usipange kwa hali ya mgongo. Tafuta kiasi unachokiweza hata siku mbaya, tuseme kuinama mara sita, kisha fanya sita siku mbaya na sita siku nzuri, na kila baada ya siku chache ongeza moja au mbili. Siku nzuri ndiyo yenye mtego: mtu anaamka mwepesi, anafua nguo za wiki tatu, anadeki nyumba, kesho yake hanyanyuki, na anaapa hatainama tena.

Hatua ya 6: Mzigo

Lita moja ya maji ni kilo moja. Kwa hiyo dumu la jikoni ni kifaa cha mazoezi chenye vipimo kamili, na halihitaji ada ya jimu.

Tia lita mbili kwenye dumu la lita tano. Liweke mezani, liinue, lirudishe. Kisha liweke kwenye kigoda. Kisha sakafuni. Likiwa rahisi sakafuni, rudi mezani na lita tatu, uanze tena kushuka. Endelea hivyo kwa wiki kadhaa, na kila hatua ya kwanza ya uzito mpya iandikie utabiri kama kawaida. Ukifika lita kumi, lifanye pia kwa mkono mmoja, kwa kulia na kwa kushoto, na ukiwa umegeuka kidogo upande. Maisha hayakupi mizigo iliyokaa mbele yako sawasawa.

Nitaulizwa: niinue vipi? Tumefundishwa kwamba kuna namna moja tu salama, magoti yamekunjwa na mgongo umenyooka, na kwamba kuinama mgongo ukiwa umepinda ndiko kunakouharibu. Tafiti zilizokusanywa pamoja hazijathibitisha kwamba mgongo uliopinda wakati wa kuinua ndio chanzo cha maumivu. Mzigo mzito uuweke karibu na mwili na utumie miguu, kwa sababu ndivyo nguvu inavyopatikana. Kijiko, kandambili, ganda la ndizi, inama tu kama mtoto anavyoinama. Kinachoumiza mara nyingi ni kubeba ghafla uzito ambao mwili haujauzoea kwa muda mrefu, na ndiyo maana tunapanda lita moja moja.

Kwa wanaobeba maji kichwani, sehemu ngumu ni kujitwisha. Ndoo ya lita 20 inapanda kutoka chini hadi juu ya kichwa, na katikati ya safari mwili unageuka. Omba kutwishwa mpaka uweze kuinua lita 15 kutoka chini hadi kifuani bila wasiwasi, kisha anza kujitwisha kwa ndoo ya lita kumi.

Hatua ya 7: Watu wa nyumbani

"Acha, mama, nitabeba mimi." "Baba, usiiname, utajitonesha." Yanasemwa kwa mapenzi, na kila yanaposemwa yanathibitisha kwamba mgongo huu ni wa kuvunjika. Wakalishe, waonyeshe orodha, waambie ni vipande gani unavifanya wiki hii na kwamba katika hivyo hutaki kusaidiwa. Waombe wakuulize umefanya nini leo, badala ya kukuuliza unaumwaje. Na kama wewe ndiye mke, mume au mtoto unayesoma haya kwa ajili ya mtu wako: usimsukume apande kipande ambacho hajakichagua. Kukimbizwa kunazidisha hofu sawa na kuzuiwa.

Maumivu yakirudi

Yatarudi, angalau mara moja, na huenda ikawa siku ambayo hujafanya lolote la ajabu. Usingizi mbovu, msongo wa mawazo, safari ndefu ya basi, mafua, vyote vinaweza kuamsha mgongo uliokuwa kimya. Kabla siku hiyo haijafika, andika kwenye jalada la ndani la daftari utakachofanya: nitashuka vipande viwili kwenye orodha, sitarudi mwanzo, nitatembea ndani ya nyumba kila saa, nitaweka maji ya moto kiunoni kama yananituliza, baada ya siku tatu nne nitapanda kipande kimoja. Dawa kama ibuprofeni au diklofenaki zinaweza kusaidia kwa siku chache, lakini zinadhuru tumbo na figo. Mwenye vidonda vya tumbo, presha, ugonjwa wa figo au mimba asizinunue bila kuuliza. Na ukiona dalili mpya kati ya zile za mwanzo wa mwongozo huu, weka daftari kando, nenda hospitali.

Hapa sasa kutembea kuna kazi yake. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2024 ulifuatilia watu wazima 701 waliokuwa wametoka kupona maumivu ya mgongo. Nusu walipewa mpango wa kutembea uliopanda taratibu, pamoja na elimu ya mtaalamu wa fiziotherapia, lengo likiwa dakika 30 mara tano kwa wiki. Katika kundi hilo ilichukua siku 208 mpaka nusu yao warudiwe na maumivu, kwa wenzao siku 112. Kutembea kunalinda kilichopatikana. Kwa hiyo ukishaanza kuinama, tembea.

Wakati wa kutafuta mtu wa kukusindikiza

Kama wiki nne zimepita na hujavuka kipande cha pili, kama hofu ilianzia kwenye ajali na bado unaiota, au kama umekata tamaa kiasi cha kutotaka kuamka, usijilaumu na usiendelee peke yako. Tafuta mtaalamu wa fiziotherapia. Hospitali nyingi za rufaa za mikoa wanao. Wa saikolojia wakipatikana, bora zaidi. Nchini Australia, majaribio yaliyochapishwa mwaka 2023 kwa watu 492 wenye maumivu sugu yaliyowazuia shughuli zao yalionyesha kwamba vikao vichache, hadi saba na kimoja cha kukumbushia, vya mtaalamu aliyefundishwa kushughulikia hofu, imani na mwendo kwa pamoja, vilileta nafuu iliyoendelea mwaka mzima.

Ukifika, usianze na bahasha ya picha. Sema unachokiogopa na muulize waziwazi: utakuwa nami nikifanya kile ninachokiogopa, au utanilaza na kuniwekea mashine tu? Mpe daftari asome ukurasa wa orodha kabla hajakuonyesha zoezi lolote.